Pumzi ya Kuazima

Aluoch alikuwa akizoa vumbi la chai chini ya chekeche wakati Johana, msimamizi wa zamu, alipozima mashine na kuwaambia wote watoke nje, wakusanyike uani, daktari amekuja na majibu ya vifua. Aluoch akatema mate ya kahawia kwenye kitambaa, akakikunja haraka asionekane.

Feni ya kuvuta vumbi katika kiwanda hicho cha Sosiot ilikufa kitambo. Wafanyakazi walipolalamika, wakubwa walisema mpya italetwa, mradi ithibitishwe kwamba vumbi linaumiza watu. Basi Muchiri, daktari wa zahanati ya kiwanda, akawapulizisha wote kwenye kifaa cha kupima nguvu ya pumzi mwezi wa kwanza, kisha tena baada ya mvua ndefu.

Kabla ya kipimo cha pili ukazuka uvumi kwamba atakayepuliza vibaya hataongezewa mkataba. Aluoch aliogopa kwelikweli, kwa maana siku hizo alilala ameketi ili apate kupumua. Jirani yake Nelvine huchuma chai nje, penye hewa, na kifua chake ni kizima. Huko mashambani mtu akiugua, jirani huchuma kwa namba yake ili jina lisifutwe, na hakuna anayeuita wizi. Kwa hiyo Nelvine alijifunga kitambaa cha Aluoch kichwani, akataja namba ya Aluoch, akapuliza. Muchiri, aliyewajua watu kwa namba tu, hakuinua hata macho.

Sasa Muchiri alisimama uani mbele yao na karatasi zake.

"Hatukulinganisha mtu na jirani yake," alieleza. "Kila mmoja tumemlinganisha na yeye mwenyewe. Tumechukua pumzi ya pili, tukatoa ya kwanza. Kama vumbi linaumiza, wengi wangeshuka. Lakini wengine wenu mmepanda. Ukipiga avareji ya hizo tofauti ni kama sufuri. Hesabu inasema hakuna kitu imebadilika."

Aluoch aliwatazama wenzake wa chumba cha vumbi, akitafuta aliyeshangaa. Hakumwona. Wote walikuwa wakitazama viatu vyao, na hapo ndipo woga ulipomshika sawasawa. Hakuwa peke yake aliyeazima pumzi.

Johana akatangaza kwamba feni imeondolewa kwenye bajeti, na kwa vile vifua viko sawa, zamu ya kuchekecha itaongezwa masaa.

Aluoch akisema ukweli, atapoteza kazi, na nyumba ya laini aliyopewa na kiwanda, na Nelvine atapoteza yake pia. Akinyamaza, hafiki Krismasi. Mwili wake aliujua mwenyewe. Aluoch akainua mkono.

"Daktari, hiyo pumzi mliandika hapo si ya—"

Kikohozi kikamkata. Kilimkunja mpaka magoti yakagusa saruji, na hakikukoma.

"Huyu ni namba gani?" Muchiri aliuliza.

Johana akaitaja. Muchiri akashusha kidole kwenye karatasi, kikasimama. Akamtazama Aluoch kwa muda mrefu, kisha wale wengine walioinamisha vichwa. Alikuwa ameelewa.

"Huyu alipanda," akasema polepole.

"Basi ni hii homa ya Julai tu," Johana akasema. "Mpeni maji, turudi kazi."

Muchiri akafunika kalamu yake bila kusahihisha kitu. Mashine zikawashwa, na Aluoch, bado hajapata pumzi ya kumaliza sentensi, akashikwa mikono na wenzake akarudishwa ndani.