Kiatu cha Kushoto Kiko Juu

Mzee Randa alikuwa seremala aliyestaafu, ila mikono yake haikupewa taarifa. Nyumbani kwake alikuwa na sheria moja tu: kitu na mwenzake hawalali chumba kimoja. Kikombe kikiwa chini, sukari iko ghorofani. Mswaki juu, dawa ya meno chini, nyuma ya pipa la unga. Rimoti ya televisheni aliipigilia misumari ukutani, kando ya televisheni yenyewe, ili anayetaka kubadilisha kipindi ainuke akaibonyeze. Kiatu cha kulia kilikaa mlangoni, cha kushoto juu, nyuma ya tangi la maji. Kabla hajapata chai ya asubuhi, alikuwa ameshazipanda na kuzishuka ngazi mpaka magoti yameacha kulalamika. Mtindo huo aliuanza mkewe alipofariki. Hakumweleza mtu, maana hakuona kwa nini chai ya mtu ihitaji maelezo.

Kukaa kimya ndiko kulikomponza. Binti yake wa kwanza, mwalimu mkuu, alikuja kumjulia hali, akatafuta chumvi ya kutia kwenye mayai, akaikuta mfukoni mwa koti la harusi la baba yake. Akafungua jokofu, akakuta miwani. Akatoka nje, akampigia simu mdogo wake.

"Baba ameanza kupotea," alisema. "Chumvi anaivalisha koti."

Jumamosi wakaja wote wawili, na gari la mizigo, na maboksi. Mdogo mtu, kitinda mimba wa nyumba hiyo, alikuwa meneja mwenye kiti cha magurudumu madogo ofisini, na alikuwa anatoka meza hadi meza bila kuinuka. Kwake alishaandaa chumba.

"Utakaa tu, Baba," alisema. "Nimekununulia kiti laini. Ukitaka kitu, unabonyeza kengele."

Mzee Randa alitengeneza viti maisha yake yote, na siku zote aliviona ni vitu vya kuuza.

"Siendi," alisema.

"Baba, si adhabu," binti alisema.

"Kama si adhabu, mbona sijaulizwa?"

Wakaanza kufunga mizigo, na hapo ndipo kazi ilipowatoa jasho. Kiatu kingine kiko wapi, Baba? Juu, nyuma ya tangi. Kitinda mimba akapanda, akashuka anahema. Soksi? Moja iko karakana, ndani ya kopo la gundi kavu. Ya pili juu, chini ya mto. Mfuniko wa birika? Dirisha la bafuni. Birika lenyewe? Karakana. Mzee Randa alikuwa anajibu bila hata kukuna kichwa. Ulipofika wakati wa kutafuta mkanda wa suruali, meneja alikuwa amelala chali kwenye ngazi, tai imemkaa begani, naye dada yake ameshikilia goti huku anamtukana fundi aliyejenga ngazi, akisahau kwamba fundi mwenyewe amesimama mbele yake.

Mzee alimruka mwanawe, akapanda kuchukua sukari, akamruka tena akishuka, akawapikia chai.

"Nipe mkono, Baba," kitinda mimba aliomba.

Akampa mkono, akamvuta mara moja, yule mtu mzima na kitambi chake akasimama wima.

Binti alikitazama kikombe chake muda mrefu. "Huyu tunayesema amepotea," alisema polepole, "ndiye anatuonyesha vitu vilipo."

"Na koti je, dada? Chumvi kwenye koti?"

"Nikiviweka pamoja nitakaa," Mzee Randa alisema. "Na nikishakaa, nitakuwa huyo mnayemfungia maboksi."

Binti akaangalia chini. Lakini mwalimu mkuu akishapanga ratiba, amepanga. Maboksi yalikuwa yameshapakiwa garini. Akainuka, akaenda mlangoni kuvaa viatu vyake, akakuta kimoja.

"Baba."

Mzee Randa aliinua macho darini. Asubuhi, walipokuwa wanashusha maboksi, mkono wake ulikipandisha kile kiatu kwa mazoea tu.

"Kiko chumbani kwa mama yenu," alisema.

Binti akapanda, goti linamuuma, na mzee akamfuata kwa masikio, ubao kwa ubao, maana kila mlio wa ngazi ile aliujua. Mlango ukafunguliwa. Hatua zikakoma. Kitinda mimba, aliyekuwa ameanza kulisogelea gari, akasimama.

"Baba," sauti ikashuka kutoka juu, "mbona viatu vya mama viko pamoja?"

Ndivyo vitu pekee vilivyokuwa pamoja nyumba nzima. Mzee Randa alishika nguzo ya ngazi.

"Mama yenu ameshapumzika," alisema. "Mimi bado."

Mbao zikalia tena. Binti alishuka taratibu, macho mekundu, mguu mmoja una kiatu, mwingine uko peku.

"Rudisha maboksi ndani," alimwambia mdogo wake.

"Yote?"

"Yote. Na usije ukavipanga vitu pamoja."

"Na kiatu chako?"

"Nimekiacha huko huko juu," alisema, huku akitoka nje anachechemea. "Jumamosi ijayo nitakuja kukifuata."