Pa Baba Paachwe Wazi

Siku ya Bikira wa Guadalupe, ikifika saa nane mchana, miguu yangu huwa si yangu tena. Nasimama mbele ya kanisa tangu alfajiri, mimi na kamera yangu, punda wangu wa mbao na kitambaa kilichochorwa mlima na mawaridi. Watoto wa mji mzima hupita mbele yangu, wamevalishwa kama wanakijiji wa zamani kwa heshima ya Bikira, wavulana wakiwa na masharubu ya makaa chini ya pua, wasichana na shali na midomo myekundu. Wengi wao wanalia. Asiyelia anataka kukojoa.

"Doña Hermila, mwambie acheke!" mama zao wananipigia kelele.

Simwambii. Ukimwambia mtoto acheke, anakutolea meno kama yuko kwa daktari wa meno. Mtoto unampa cha kufanya, unamuuliza punda amekula nini leo, halafu unangoja asahau kwamba upo. Lakini nani ana subira hiyo siku kama hii, foleni imefika mpaka kwa muuza tamale za unga wa mahindi? Wengi niliwapiga picha hivyo hivyo, na makamasi yao.

Halafu mji wetu una mambo yake. Wanaume wako Kaskazini, ng'ambo ya mpaka, wanavuna matunda ya watu na kuezeka nyumba za watu. Basi picha ya familia hapa hupigwa na pengo. Mama anakaa huku, watoto kule, katikati panaachwa wazi, nami nikirudi nyumbani nambandika baba kwa kompyuta kutoka picha yoyote waliyonayo. Watoto wameshazoea. Waweke mbele ya kamera, utaona wanasogea wenyewe.

Zamu ya Maricruz ilipofika, alikuja na wanawe wawili, Nahúm na Itzel, na safari hii akaja na mume.

Efrén alikuwa amefika juzi. Aliondoka Itzel akiwa bado tumboni, akakaa huko bila karatasi mpaka alipopata kibali cha kazi, na Jumatatu basi la vibarua lilikuwa linaondoka naye tena. Harusi yao niliipiga mimi. Alikuwa kijana wa nywele nyingi, na uso huo wa harusi ndio niliokuwa nikiubandika kila mwaka, kwa kuwa Maricruz hakutaka mwingine. Sasa mbele yangu alisimama mtu aliyekonda, kofia imeshushwa mpaka kwenye nyusi, macho mekundu kwa kukosa usingizi.

"Nataka moja tu, Doña," aliniambia kwa sauti ya chini. "Moja ya kweli. Niwe nimekaa hapo mimi mwenyewe. Kule ninazo nyingi ambazo sikuwepo."

"Kaa basi, mwanangu. Kigoda hicho hapo."

Nahúm alishapanda punda. Maricruz akaketi upande mmoja, Itzel akasimama upande wa pili, na kile kigoda cha katikati kikabaki wazi. Efrén akakisogelea. Itzel akamwekea mkono tumboni.

"Hapana! Hapo pa baba."

"Mimi ndiye baba, mama."

"Wewe ni Efrén," mtoto akasema, maana ndivyo alivyosikia watu wakimwita nyumbani tangu juzi. "Baba anakuja baadaye. Doña ndiye anamleta."

Foleni nzima ikacheka. "Pole, kaka Efrén!" mwanamke mmoja akapaza sauti. "Mpaka wa kule umeupita, huu wa hapa umekushinda!"

Efrén naye akacheka, kidogo. Akachuchumaa. "Si tunaongea kwenye simu kila Jumapili? Sauti yangu huijui?"

"Huyo yuko kwenye simu," Itzel akamweleza taratibu, kama mtu mzima anayemwelewesha mjinga.

"Itzel, usinitie aibu mbele za watu!" Maricruz akamvuta mkono. Mtoto akapiga yowe lililogeuza vichwa hata vya waliokuwa wakitoka kusali. Nikampa peremende, akaipokea, akaila, na bado akakishika kigoda kwa mikono miwili. Watoto wetu tumewafunza vizuri mno. Nilimwonea uchungu yule baba, na nilikuwa nimechoka kiasi kwamba hata uchungu wenyewe ulinichosha.

Efrén akainuka, akajipangusa magoti. "Basi, Doña. Wapige kama siku zote. Mimi utanibandika."

"Simbandiki mtu aliyesimama mbele yangu," nikamjibu kwa ukali ambao hakustahili. "Kaeni pembeni hapo mngoje. Mwacheni mtoto na kigoda chake. Nani anafuata?"

Wakangoja. Nikapiga mapacha wa mwokaji mikate, nikapiga kitoto kilichomtapikia punda, nikampangusa punda. Nyuma yangu, alikokiburuta kigoda, Itzel alikaa chini akikilinda, akimfukuza kila aliyekikaribia, hata mbwa wa kanisa. Lakini alikuwa ameamshwa kabla ya jua ili asukwe nywele, na usingizi hauna adabu. Akalaza kichwa juu ya kigoda. Baada ya muda mdomo ukafunguka.

Nilimwonyesha Efrén kwa kidevu.

Alimwinua kama anainua yai, akakaa, akamlaza kifuani. Akavua kofia, kwa kuwa tulikuwa mbele ya Bikira. Kichwani hapakuwa na hata unywele mmoja. Rangi ya midomo ya mtoto ikaganda kwenye shati lake jeupe. Nahúm akaja na tamale yake mkononi, akamwegemea goti huku akitafuna. Maricruz, aliyekuwa akipika tangu juzi kwa ajili ya wageni wa mumewe, akaweka kichwa begani pake akafumba macho. Hakuna aliyenitazama. Nikapiga.

"Ah, mbona kama tumelala wote?" Maricruz akalalamika nilipomwonyesha. "Tupige nyingine, tuchangamke."

"Hapana," Efrén akasema. "Nichapie hiyo hiyo."

Katika picha zote za siku ile, ni hiyo tu iliyoniridhisha. Nikaitia kwenye kile kimashine changu cha kuchapa kilicho chini ya meza. Kelele zake zikamwamsha Itzel. Akateleza kutoka mikononi mwa Efrén bila kumwangalia, akaja kusimama kando yangu, akiitazama karatasi ikitoka kidogo kidogo. Efrén akavaa kofia yake akatufuata.

"Amekuja!" Itzel akapiga makofi. "Amekaa pake! Na mimi amenibeba!" Akaisogeza picha karibu na macho, akakunja uso. "Lakini Doña, umesahau kumwekea nywele."

Watu wakacheka tena. Mimi sikuweza.

Akaichukua picha kwa ncha za vidole, nilivyowafunza watoto wote, akampelekea Efrén na kumwinulia juu aione vizuri.

"Umeona? Si nilikwambia atakuja? Wewe ulikuwa wapi?"

Efrén akaipokea picha. "Nilikuwa kazini," akamwambia.