Kifua Kizima

"Si kifua," mama alisema, kitana kikiwa bado kichwani mwa bintiye. "Dawa unazomeza si za kifua. Ni za virusi vya Ukimwi. Ulizaliwa navyo, mwanangu. Ulivipata kwangu."

Vidole havikusita. Viligawa nywele, vikachukua fungu, vikaanza mstari wa tano. Mama alikuwa msusi, na wateja wake humwaga siri zao zote pale kwenye kigoda kwa sababu hakuna anayelazimika kumtazama mwenzake. Leo naye aliitumia njia hiyohiyo. Nesi wa kliniki alikuwa amembana: mtoto anatimiza miaka kumi na mitatu, mwambie wewe kabla hajaambiwa na watu.

Wateja walimwita binti huyo Wakili, maana swali moja halikupata kumtosha. Lakini kuhusu vidonge hakuwahi kumhoji mama. Nani anamhoji mama yake?

"Kwa hiyo kifua changu kina nini?"

"Hakina kitu."

"Hakijawahi kuwa na kitu?"

"Hapana."

Miaka sita Wakili alikuwa akikaa kwenye benchi la uwanja wa shule, amepakata viatu vya wenzake, wao wakikimbia. Kila mwaka mama aliandika barua: mwanangu ana kifua, asikimbizwe. Na aliyeipeleka barua ni yeye mwenyewe, akitembea polepole njia nzima asije akaanguka.

"Mama, mimi nilikuwa naogopa hata ngazi!"

"Ningesemaje? Ungecheza na wenzako ukiwa mzima, ungeuliza dawa ni za nini."

"Nani mwingine anajua?"

"Shangazi yako." Mama alichukua fungu jingine la nywele. "Na bibi. Na mjomba."

"Yaani ukoo mzima! Mgeni ni mimi tu?"

"Ulikuwa mdogo, mama."

Wakili alimkumbuka shangazi akimpapasa mgongo, "pole na kifua, mpenzi," bila hata kupepesa macho. Ugonjwa ulimtisha, tena sana. Lakini kilichomchoma zaidi ni kwamba walimzunguka, wote, na wa kwanza wao alikuwa huyu aliyeshika kichwa chake.

Kengele ya dawa kwenye simu ya mama ililia. Saa kumi na mbili jioni. Mama alifuta mafuta mikononi, akachukua kidonge na bilauri ya maji, akavipitisha juu ya bega la bintiye. Wakili hakupokea.

"Njoo mbele."

Mama alizunguka, akachuchumaa. Macho yalikuwa mekundu na mashavu yameloa; kumbe alikuwa akisuka huku analia.

"Hiki ni cha nini?"

"Nimeshakwambia, mwanangu."

"Umekiambia kisogo changu. Mimi hujaniambia."

Kidonge kilianza kulainika kwa jasho la kiganja cha mama. Wakili, nusu kichwa kimesukwa na nusu nywele zimesimama, aliweka mikono yote miwili mapajani akangoja.