Ratemo Akataa Leseni Safi

Ratemo Nyaberi alikuwa dereva wa trekta katika shamba moja la chai nje ya Kericho, na leseni yake ilikuwa na kosa moja tu. Liliandikwa humo kortini mwaka 1968, baada ya trela iliyobeba wachumaji kupinduka kwenye mteremko, mvua ikinyesha. Asubuhi ile alikuwa amemwambia Bethwel, msimamizi wa magari, kwamba breki za trela hazishiki. Bethwel akamjibu aende tu, majani yanaharibika. Baadaye alimshauri akubali kosa ili asipoteze kazi. Ratemo akakubali, kwa sababu alikuwa na watoto, na kwao Kisii shamba la baba yake lilikuwa limegawanywa mpaka likaisha.

Aliyeumia zaidi siku hiyo alikuwa Chepkosgei, mchumaji hodari. Alivunjika nyonga, akalazwa miezi mingi katika hospitali ya misheni, na alipotoka alitembea akilalia upande mmoja.

Miaka mitano ilipita. Siku moja Bethwel alimfuata Ratemo gereji, uso umechangamka. Alimweleza kwamba dereva akikaa muda mrefu bila kosa lingine, sheria inamruhusu kupewa leseni mpya isiyo na maandishi ya zamani. Tena shamba limenunua basi la kupeleka watoto wa wafanyakazi shuleni, na dereva atakuwa yeye. Alete tu ile leseni ya zamani, Bethwel mwenyewe ataipeleka Nairobi. Ratemo alirudi nyumbani akipiga mluzi. Mkewe, Loice, akaanza kumtafutia shati jeupe.

Jumapili, watu walipotoka kanisani, Chepkosgei alikuja mlangoni kwao. Ofisi ya shamba ilikuwa imemwambia ahame kambi ya wafanyakazi kwa kuwa hajazi kikapu kama wengine. Aliwakumbusha kwamba aliumia kazini kwao. Wakamwambia hakuna karatasi inayosema hivyo, huenda alianguka shambani kwake. Alikwenda kortini, karani akasema faili za kesi za miaka ile hazikai tena pale. Akauliza habari za rekodi za madereva zilizoko Nairobi, akaambiwa hazifunguliwi kwa kila mtu. Polisi anaweza kuziona, korti pia, na dereva mwenyewe. Mchuma chai hapana.

"Lakini wewe uko nayo," alimwambia Ratemo. "Hiyo leseni ya mfukoni."

Ndipo Ratemo alipoelewa kwa nini Bethwel aliitaka sana leseni ya zamani. Aliona haya kwa jinsi alivyokuwa amefurahi. Mgeni alipoondoka, Loice alimwambia waziwazi kwamba nyonga haitaungwa na leseni, na kwamba hata watoto wao wangepanda basi hilo. Ratemo alijua mkewe hakusema uongo.

Jumatatu Bethwel alikuja kuichukua.

"Siitoi," Ratemo akasema.

Bethwel alicheka kidogo. Alimuuliza ni mtu gani anapenda kutembea na kosa mfukoni.

"Mimi. Mliniambia nikubali kosa, nikakubali. Leo mnasema hakuna kilichotokea. Basi korti ilinihukumu kwa nini?"

Wiki iliyofuata Chepkosgei aliitwa mbele ya afisa wa leba, msimamizi wa haki za wafanyakazi, mjini Kericho. Bethwel alifika na karani wa shamba, wakarudia kwamba ajali hiyo hawaijui. Ratemo hakuwa ameitwa, na siku hiyo alitakiwa awe kwenye trekta. Aliingia na buti zake za matope, akatoa leseni. Bethwel akanyoosha mkono akitaka aione kwanza, kwa vile dereva ni wa shamba.

"Trekta ndiyo ya shamba," Ratemo akasema. "Leseni ni yangu. Polisi akiitaka nitampa, korti ikiitaka nitaipeleka. Leo nimeamua kumfungulia huyu mama."

Akaiweka mikononi mwa Chepkosgei. Yeye hakujua kusoma. Aliigeuzageuza, kisha akampa afisa, akamwomba asome kwa sauti ili kila mtu asikie. Afisa akasoma tarehe, jina la korti, na kosa: kuendesha trela yenye breki mbovu, watu wakaumia. Akainua macho, akamuuliza Bethwel trela hiyo ilikuwa ya nani.

Bethwel akakiri kwamba ilikuwa ya shamba. Ratemo, akiwa bado amesimama, akaeleza yote waliyoambiana asubuhi ile.

Chepkosgei hakuhamishwa. Afisa aliagiza apewe kazi nyepesi, akapelekwa kwenye kitalu cha miche, na madai ya fidia ya nyonga yake yakaanza kushughulikiwa. Basi lilipewa dereva mwingine. Ratemo alifukuzwa mwezi huohuo kwa kosa la kuacha trekta siku ya kazi. Loice aling'oa sukuma wiki zake zote, kubwa na changa, akisema hatamwachia Bethwel hata jani.

Walihamia Kipkelion, ambako Ratemo alipata kazi ya kuendesha lori la maziwa. Mwajiri mpya alipoisoma leseni alimuuliza kwa nini asiibadilishe, maana muda umeshapita. Ratemo alimwambia anajua. Kisha akanyoosha mkono, akaichukua leseni yake, akaenda kuangalia breki za lori.