Maporomoko ya Kadra

Nyumba ya kina Tuneya pale Garsen haikosi watu, lakini siku Kadra mwenye hoteli alipokuja kuchukua picha aliyomwagiza Tuneya amchoree, mikeka haikutosha, wengine wakakalia madebe. Hawakufuata picha. Walifuata ugomvi, maana Tuneya na wifi yake Mashavu hawaivi chungu kimoja.

Kadra aliagiza maporomoko ya maji, ili msafiri akiingia na jua lake la njiani apoe hata kabla ya chai. Yakimpendeza, kuta zote za hoteli ni za Tuneya kuzichora, na hapo kwaheri jembe, kwaheri masimango ya Mashavu.

Tuneya akaifunua picha. Majabali yamelowa, kijani kinatona, na katikati ukanda mweupe mtupu. Ndiyo kazi ya rangi za maji: palipo peupe hapaguswi, karatasi yenyewe ndiyo povu. Tuneya aliuzunguka ukanda ule pumzi ameibana.

Kadra akakunja uso. "Maji yako wapi?"

"Ndiyo hayo meupe, mama."

"Meupe!" Mashavu akadakia. "Umezaliwa Tana, umeogea mto huo wa tope, uliona wapi maji meupe? Mvivu huyu, mama Kadra. Rangi imemwishia, anakuuzia karatasi tupu!"

"Labda ng'ombe wa jirani Halkano wamemwaga maziwa!" akasema mmoja, nyumba ikaangua kicheko.

"Wifi, usiguse," Tuneya alisema, maana alishauona mkono wa Mashavu ukiifuata brashi.

Thubutu! Mashavu alichovya brashi kwenye kopo la kuoshea, lenye tope la rangi zote, akaiburuta toka juu hadi chini. Na karatasi ikishakunywa, imekunywa. Povu likawa mafuriko.

Kadra akapiga makofi. "Sasa nayaona maji! Kumbe fundi ni wewe, Mashavu! Kesho njoo hotelini, kuta zote zako."

Kicheko kikakatika. Mashavu hajui kuchora hata kwato ya mbuzi, na akikataa mbele ya umati ule, kabla ya magharibi Garsen nzima inayo habari. Akamgeukia Tuneya kwa sauti ya asali isiyowahi kusikika nyumba ile.

"Wifi yangu, si tutakwenda pamoja?"

Tuneya alizifunga brashi zake kwenye pindo la leso, akakaza fundo.

"Mimi mvivu, wifi. Nenda, fundi. Tope liko tele mtoni."

Akachukua jembe ukutani, akawaruka wageni, akatoka.