Sanduku Kando ya Kiti cha Nzioka

Siku mume wangu Nzioka alipokufa, nilikuwa nimemwacha peke yake kwa saa tatu. Nilikwenda Kathonzweni kusaga mahindi. Niliporudi nilipiga hodi nikiwa bado uani, kama tulivyozoea kutaniana, nikingoja aseme, "Leo hatununui kitu!" Hakusema. Redio ilikuwa ikiongea. Alikuwa kwenye kiti chake sebuleni, kichwa kimeinama, na mkono wake ulikuwa umeshapoa.

Tangu siku hiyo sikutoka nyumbani ila kuchota maji. Binti yangu Kalunde, aliyeolewa Kanyangi, aliniletea mtoto wa mbwa ndani ya katoni.

"Mwaitu, mama yangu, sasa una mtu wa kumpikia," akasema.

Nilimwambia kwamba dawa zangu za presha zinakaribia kuisha, na nikienda kliniki mbwa huyo atabaki na nani? Akaniandikia kwenye karatasi vitu vya kuandaa.

Niliandaa wiki nzima. Nilichukua sanduku la mbao ambalo Nzioka alibebea nyanya, nikang'oa misumari iliyochomoza, nikatandika sweta yake ya kijani. Bakuli la maji nilichagua zito ili asilipindue. Kipande cha kiatu cha akala kilichochakaa kikawa cha kutafuna. Nilijifunza pia kumwacha: natoka, nafunga mlango, nahesabu hadi hamsini nyuma ya tangi, narudi. Kesho yake hadi mia tatu. Mbwa alilia siku mbili za kwanza tu. Mimi ndiye niliyechelewa kuzoea.

Jirani yangu Kavindu alinikuta huko nyuma ya tangi.

"Mama Kalunde, unamficha nani uso?"

"Mbwa."

Alicheka hadi akashika ukuta. "Kifungua mimba wangu hakutandikiwa hivyo. Na alikuwa mtu!"

Asubuhi ya kliniki sanduku lilikuwa sebuleni, maji tayari. Nilipotaka kufunga mlango nikakiona kile kiti. Sikuweza kuacha kitu chenye uhai peke yake katika chumba hicho. Nikalibeba sanduku hadi stoo, kwenye magunia ya ndengu, maana kuna ubaridi na dirisha limezibwa. Nilisikia harufu kama ya kitunguu saumu, nikadhani ni ya magunia. Nikatia kufuli.

Kwenye foleni ya kliniki wanawake wawili mbele yangu waliongea juu ya mavuno.

"Wadudu wamenimalizia ndengu. Zimebaki unga."

"Si ungeweka vile vidonge?"

"Niviweke wapi, na sisi tunalala na magunia? Ile hewa yake inaua mtu."

Hapo ndipo nikakumbuka. Jumapili shemeji yangu Musyimi alikuwa ametoka stoo akifuta mikono, akaniambia, "Shemeji, nimetia vidonge kwenye magunia, na dirisha nimeziba. Usiingie humo wiki nzima." Nami nilimjibu vizuri kabisa, sawa, asante.

Nilimpigia Kavindu simu.

"Vunja mlango wa stoo! Mbwa yuko ndani na sumu ya ndengu."

"Ufunguo uko wapi?"

"Ninao hapa. Vunja!"

"Nivunje nyumba ya marehemu, watu wasemeje?"

"Kavindu!"

Simu ikakatika. Nikapiga tena, ikaita hadi mwisho. Nikapiga tena.

Sikungoja jina langu liitwe. Nilipanda pikipiki, nikamwambia dereva aongeze mwendo. Tulipokaribia nyumbani nikamwomba apunguze, maana sikutaka kufika.

"Mama, amua moja," akasema.

Langoni kulikuwa kimya. Nilitaka kupiga hodi, mdomo ukakataa. Niliuona mlango wa stoo umelala chini, jembe juu yake, na bado sikuweza kusogea. Nilisimama na ufunguo mkononi, nikijua mkono uliopoa unavyokuwa ukiushika.

"Unangoja kukaribishwa kwako?"

Kavindu alikuwa ameketi kwenye jiwe la kufulia. Mbwa alikuwa ndani ya leso yake, amelegea, povu mdomoni. Niliweka kiganja mbavuni mwake. Palikuwa na joto. Mbavu zilipanda, zikakaa, zikakaa, kisha zikashuka.

"Ametapika mara mbili," Kavindu akasema. "Niliingia nimebana pumzi nikatoka mbio. Habari za mlango usiniulize."

Sweta ya kijani alikuwa ametoka nayo, ameifunika miguu ya mbwa.

Tulikaa naye kwenye upepo, tukipokezana. Kila mara kifua chake kilipotulia nilimtikisa, na Kavindu akanipiga mkono. "Mwache apumue, mwanamke wewe. Utamuua kwa kumwamsha." Saa kumi jioni mbwa alinyanyua kichwa, akanusa bakuli, akanywa maji kidogo.

Dawa zangu nilizifuata Ijumaa, Kavindu akakaa naye. Mlango wa stoo bado umeegemezwa ukutani. Sanduku liko sebuleni, kando ya kiti cha Nzioka, na siku za kliniki mbwa anabaki humo peke yake tangu saa mbili asubuhi hadi saa saba.