Lyon, Kilomita Arobaini na Moja

Barabara kuu ya kutoka Paris kwenda Lyon ilitokea nyuma ya nyumba za Kasingirima, Kigoma, asubuhi ya Jumanne, mwaka 1997, wakati Anifa na mpangaji wake Yuliana wakianika dagaa mchangani. Ilitoka ziwani, ikapanda kwenye mihogo ya Anifa, ikanyooka upande wa Simbo: njia tatu za kwenda, tatu za kurudi, na ukingo wa chuma katikati. Anifa aliitazama, akaenda kuipima joto kwa kisigino.

"Lami hii ina moto mzuri," alisema. "Lete fagio, Mama Heritier."

Kila mtu wa mwambao anajua ubaya wa dagaa wa mchangani. Hata uwaoshe mara tatu, mchanga utausikia kwenye meno. Huyo Heritier mwenyewe, mwana wa Yuliana, alipokuwa mdogo kule Uvira, ng'ambo ya ziwa, alikuwa akisukuma sahani na kulala na njaa. Kufikia saa nne wanawake walikuwa wameshafagia pembezoni, pale Wafaransa wanapoegesha magari yaliyoharibika, na dagaa wote walikuwa juu ya lami. Malori yalipita kwa kasi na kuwapepea, wakakauka upesi zaidi. Wanawake wa Rusimbi walifika mchana wakakuta nafasi imejaa, wakanuna, kama kawaida yao.

Yuliana ndiye aliyesoma kibao cha kando ya barabara, maana alifundishwa Kifaransa na masista kabla vita havijamvusha ziwa. Kilikuwa cha bluu: Lyon, kilomita 41. Alikaa chini palepale. Heritier, aliyepotezana naye siku ya kukimbia, alikuwa Lyon. Aliandika hivyo katika barua iliyoletwa na watu wa misaada, akaongeza kwamba karatasi alizopewa huko hazimruhusu kutoka nje ya mji. Yuliana alitamani kumwona mwanawe mpaka matiti yakamuuma, ingawa mtoto mwenyewe alikuwa na miaka kumi na tisa.

Kesho yake alivaa kitenge kizuri akaenda kwa Leodgar, afisa aliyehamishiwa Kigoma kutoka Songea kushughulikia vibali vya wakimbizi.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba, mama. Karibu kiti."

"Naomba kibali ya kwenda Lyon. Niko na mutoto kule."

Leodgar alifungua jalada. Mkimbizi aliyeandikishwa mjini aliruhusiwa kilomita nne kutoka mlangoni kwake, basi. "Lyon ni wapi hasa?"

"Hapa nyuma, Mzee. Unapita Simbo, unaendelea."

"Hiyo barabara nimeiona. Hata mke wangu kaanika huko." Aligeuza fomu. "Shida iko hapa. Safari ni kwa meli, treni au gari?"

"Kwa miguu."

"Miguu haipo."

Hakusema kwa ubaya. Alimwagizia chai, akamngoja aimalize, kisha akaandika "Imekataliwa" kwa mwandiko wa kupendeza. Mgeni njoo, mwenyeji apone, ndivyo tusemavyo. Barabara ilikuja na Kasingirima ikapona. Yule mgeni mwingine alirudishiwa fomu yake.

Ijumaa kibao cha pili kilisimikwa kwenye kilomita ya nne, cha mbao, kwa Kiswahili: WAKIMBIZI MWISHO HAPA. Jirani yake palikuwa na nguzo ya rangi ya chungwa yenye simu ya kuombea msaada. Kila siku baada ya adhana ya alasiri Yuliana alitembea mpaka pale, akainua simu. Mwanamke wa Kifaransa alimuuliza kwa upole gari lake lina hitilafu gani. Yuliana alijibu kwamba hana gari, ana mtoto. Mwanamke alisema anasikitika, wao huvuta magari tu. Siku ya nne alimtambua kwa sauti, akamsalimu kwa jina, kisha akamuuliza gari lake lina hitilafu gani.

"Si uvuke tu hicho kibao?" Anifa alimwambia. "Nani atakuona?"

"Marcelina alivuka."

Marcelina, jirani yao, alikivuka kile kibao Jumapili akitafuta kazi Lyon. Jumanne askari walimpandisha boti ya kurudi Uvira pamoja na watoto wake wawili, na huko risasi zilikuwa bado hazijakoma. Chungu chake kilikuwa bado juu ya mafiga.

"Basi," Anifa alisema baadaye, "dagaa hawajaandikishwa popote."

Yuliana alichambua dagaa siku nzima, mmoja mmoja, akajaza mfuko na kuushona mdomo. Aliandika jina la mwanawe na mtaa wake, akampa dereva wa lori ambaye alishazoea kusimama hapo kuonja. Lori liliondoka. Yuliana alilifuata kwa miguu mpaka kwenye kibao cha mbao, na alipofika lilikuwa limekwisha kupita zamani. Hakuna aliyelisimamisha.

Baada ya siku tisa dereva alileta jibu, karatasi iliyokunjwa mara nne.

"Mama," Heritier aliandika, "dagaa wamefika. Hawana mchanga."

Yuliana aliisoma akiwa amesimama. Hakulia, machozi aliyamaliza ziwani. Aliiweka pamoja na fomu ya Leodgar, akachukua fagio, maana jua lilikuwa limeshapanda na lami ilikuwa tayari.